Mzee Aliyeshukia Kwala

Nimestaafu mwaka huu, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba siwezi kupita mbele ya mtu aliyelala bila kuangalia anavyopumua. Mume wangu amelalamika. Anasema akijipumzisha mkekani baada ya adhuhuri, akifumbua macho ananikuta nimemsimamia, natazama kifua chake kinavyopanda na kushuka. Nimemwambia ashukuru, wapo wanaosafiri mbali kufuata huduma hiyo.

Haya naandika kwa ajili yenu, wauguzi wasaidizi mnaoanza kazi sasa. Vyeo sitavieleza, havikuwa vingi. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoingia wodini, mtu aliyenifundisha, na mgonjwa mmoja ambaye mpaka leo nikisikia treni inapiga honi namkumbuka.

Mimi ni mtoto wa Kibuta, Kisarawe. Kwetu ni wakulima wa mihogo na korosho, na ugonjwa kwetu ulikuwa na majina yetu wenyewe: mshipa umepanda, kichwa kinagonga, baridi imeingia ndani. Nilipopata kazi Kibaha, kwenye wodi ya watu wazima ya hospitali moja, nilidhani majina hayo nitayaacha getini. Sare yangu ilikuwa mpya, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na nilikuwa na hofu ya kushika chochote.

Mkuu wa wodi alikuwa Sista Adelina. Hakuwa mtawa, sista ni heshima tu tuliyompa kama muuguzi mkuu. Alikuwa mwanamke mfupi wa kutoka Bukoba, mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti, jambo ambalo kwa wavivu lilikuwa hatari kubwa. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, kisha akaonyesha kitanda kitupu cha pembeni.

“Panda ulale.”

Nikadhani sikusikia vizuri. “Mimi, Sista?”

“Wewe. Leo ndiwe mgonjwa. Mkono na mguu wa kulia umepooza, usivitumie. Na usiseme neno mpaka nitakapokwambia.”

Nililala. Wagonjwa halisi walinitazama wakacheka, mmoja akaniuliza nimekuja na ugonjwa gani mbona nimepiga pasi. Sikuruhusiwa kumjibu. Muuguzi mmoja akaja kunilisha uji huku akizungumza na mwenzake kuhusu harusi ya Jumamosi. Kijiko kilikuwa kinakuja kabla sijameza cha kwanza. Uji ukanimwagikia shingoni ukateremka mpaka mgongoni, na mkono wa kujifuta ulikuwa ndio huo uliopooza. Jua la dirishani likanipiga usoni. Kikombe cha maji kilikuwa upande wa kulia, nakiona, sikifikii. Wakapita watu wengi wakajadili kitanda changu, mto wangu, na kama nimepata choo, bila hata mmoja kuniangalia machoni.

Sista aliponiruhusu kuinuka nilikuwa na kiu na hasira.

“Umejifunza nini?” akaniuliza.

“Kikombe kiwekwe upande mzima.”

“Kingine?”

“Mtu anayelisha anyamaze kuhusu harusi.”

Alicheka, na siku hiyo ndiyo niliyoanza kumpenda.

Masomo yake mengine yalikuwa kwenye chai ya saa nne. Maneno ya kitabibu yalinitisha kwa urefu wake. Sista alisema neno refu halimezwi zima, linakatwa. Alikuwa ananikatia kama mtu anayemenya muhogo.

“Dis?”

“Tabu,” najibu.

“Pnia?”

“Kupumua.”

“Kwa hiyo dispnia?”

“Mgonjwa anapumua kwa tabu.”

“Na wewe ukimkuta hivyo unafanya nini?”

“Nakuita wewe, Sista.”

“Vizuri. Na mkono wako unafanya nini wakati mdomo unaniita?”

Nikafikiri. “Namwinua. Namketisha aegemee mito, kifua kipate nafasi.”

“Basi sasa unalijua. Neno ambalo hujui ulifanyie nini, bado hujalijua.”

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Takikadia, moyo unakwenda mbio, basi kaa na mgonjwa, hesabu mapigo kwa dakika nzima, usikisie. Disfajia, kumeza kwa tabu, basi usimpe hata funda la maji kabla hajapimwa anavyomeza. Hemiplejia, upande mmoja umepooza, basi usimvute kamwe kwa mkono ule mgonjwa, bega litachomoka. Kwa muda nikalewa maneno. Nyumbani watoto wakikohoa nawatajia ugonjwa kwa Kilatini. Mume wangu akaniuliza kama hicho Kilatini kina dawa, au tuwape tu maji ya tangawizi.

Sista alinitoa ulevi huo siku moja tulipompokea mzee wa Kisarawe aliyesema mshipa umempanda. Nilikuwa nataka kuandika neno langu zuri. Sista akanizuia, akamwinamia mzee, akamwuliza umepandia wapi, umeanza lini, ukipanda unasikiaje, unashuka kwa kufanya nini. Mzee akaeleza yote kwa kidole juu ya tumbo lake. “Neno refu ni la kuzungumza na daktari,” Sista akaniambia baadaye. “Kwa mgonjwa tumia la kwake. Ukimnyang'anya maneno yake, atakueleza nini?”

Kitu kingine alichonifundisha hakikuwa kwenye vitabu vyetu vya wakati ule. Vitabu vilisema kidonda cha mgandamizo, kile kinachompata mgonjwa aliyelala ubavu mmoja muda mrefu, huanza kwa wekundu. Sista akaniwekea mkono kwenye kiuno cha mgonjwa mmoja mweusi kama mimi. “Utauona wapi wekundu hapa? Tumia kiganja. Pasikie kama pana joto kuliko pembeni. Pabonyeze, pasikie kama pamekuwa pagumu, au pamelegea kama tope.” Tangu hapo nimewakagua watu matako, visigino, viwiko na nyuma ya masikio kwa kiganja, na vidonda vingi vimegundulika kabla havijawa vidonda.

Basi miaka ikaenda. Sista Adelina alikuwa amebakiza kipindi kifupi astaafu, nami tayari nilikuwa nafundisha wengine, alipoletwa Mzee Kondo.

Alikuwa mtu wa Dutumi, mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri. Alianguka akiwa anatia udhu alfajiri. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote, na kikamchukua na maneno. Alipojaribu kusema ilitoka sauti moja tu, “ba, ba, ba,” na kila ilipotoka hiyo uso wake ulijaa mshangao, kama mtu anayefungua kabati lake mwenyewe akakuta halina kitu.

Alikuja na watu wawili. Mmoja alikuwa mkewe, Bi Tatu, mwanamke mwembamba asiyekaa chini. Wa pili alikuwa mdogo wake, Shomari, fundi seremala, mtu wa sauti kubwa. Siku za mwanzo Mzee Kondo hakuweza kumeza, akawekewa mpira wa puani wa kulishia. Bi Tatu aliuchukia mpira ule. Nilimkuta siku moja ameficha kikombe cha uji ndani ya kanga.

“Nesi, mtu mzima atashindaje bila kula kwa mdomo?” akaniambia. “Nitampa kidogo tu.”

Sikumfokea. Nilimketisha, nikamwambia ajaribu kumeza mate akiwa ameangalia dari, mdomo wazi. Akajaribu, akakohoa.

“Umeona? Na wewe koo lako ni zima. La Mzee limepoteza mlinzi. Uji ukishuka sasa hivi utaingia mapafuni, na tutakuwa na ugonjwa wa pili kitandani.”

Akauangalia uji wake. Akaunywa mwenyewe, taratibu, machozi yakimtoka, kisha akaniuliza, “Basi nifundishe kitu ninachoweza kumfanyia.”

Nikamfundisha kumgeuza. Kila baada ya saa mbili, mchana kwenye zamu yangu na usiku kwenye zamu za wenzangu, mgonjwa anahamishwa ubavu. Tulitandika kanga chini ya kiuno na mabega yake, mimi nikashika upande mmoja yeye mwingine, tunahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, halafu tunamgeuza kwa pamoja bila kumburuta. Kisha mto nyuma ya mgongo, mto chini ya mkono uliopooza, kisigino kisiguse godoro. Bi Tatu alishika haraka kuliko wanafunzi wengi niliowahi kupewa, na hakuwa na simu ya kumpotezea mawazo.

Tatizo lilikuwa Shomari. Kila alipokuja alisimama miguuni pa kitanda akazungumza juu ya kaka yake kana kwamba yupo chumba kingine. “Akili imeshakwenda hii. Mwangalieni macho.” Alimwambia Bi Tatu ajiandae. Alitaja nani ataosha, na kaburi lichimbwe karibu na la baba yao au upande wa mkorosho. Halafu akaja na mpango: Ijumaa inayofuata atakuja na gari, amchukue kaka yake ampeleke kwa mtaalamu wa miti shamba mbali huko, ambaye alikuwa amesema mgonjwa lazima anywe dawa yake kwa bakuli.

Kwa bakuli. Mtu ambaye hawezi kumeza mate.

Bi Tatu alimwambia hapana. Shomari akajibu kwamba yeye ndiye mwanamume wa ukoo, na kaka yake hana tena akili za kusema anataka nini. Nilimpelekea Sista habari hiyo, Sista akampelekea Dokta Eliasi, daktari wetu wa wodi, kijana mpole aliyekuwa na tabia nzuri ya kuvuta kiti. Dokta akasema hatuwezi kumfunga mtu kitandani, ila bado tuna siku kadhaa, tuzitumie.

Siku ya pili yake nilikuwa namgeuza Mzee pamoja na Bi Tatu, kama kawaida. Tukashika kanga. “Moja,” nikasema, “mbili,” na hapo mkono wa sare yangu ukanasa kwenye chuma cha kitanda. Nikanyamaza ili niunasue.

Sauti nzito, iliyokwaruza, ikatoka kwenye mto.

“Tatu.”

Bi Tatu akaachia kanga. Akajishika kifua kwa mikono miwili. “Ameniita! Nesi, umesikia? Ameniita!”

Nilisikia. Nilisikia pia kwamba huenda alikuwa amemalizia hesabu tu, lakini kuna mambo muuguzi hawahi kuyasema. Nilimwita dokta.

Dokta Eliasi akaja, akavuta kiti, akakaa macho yake yakawa sawa na ya Mzee. Alihesabu naye. Moja, Mzee akabaki kimya. Mbili, kimya. Akapumzika kidogo, na Mzee akasema, “Tatu. Nne. Tano,” akaenda mpaka kumi bila kukosea. Kisha dokta akamwonyesha kikombe, akamwuliza hiki ni nini. “Ba, ba, ba.”

Akatueleza pale pale, kwa sauti ambayo Mzee naye aliisikia. Ugonjwa huo wa maneno unaitwa afasia. Mtu anapoteza njia ya kuyafikia maneno, lakini akili yake inaweza kuwa nzima. Na yale aliyoyasema maisha yake yote kwa mfululizo, hesabu, sala, nyimbo, mara nyingine hukaa mahali pengine kwenye ubongo ambapo kiharusi hakikufika. “Kwa hiyo mama,” akamgeukia Bi Tatu kwa upole, “ile tatu ya mwanzo alikuwa anahesabu.”

Bi Tatu akafikiri. “Sawa, dokta. Hata kama alikuwa anahesabu, amefika kwangu.”

Dokta akaitikia kwa kichwa.

“Kuna kitu gani kingine alichokuwa akikisema kila siku?” dokta akauliza.

“Alikuwa mtu wa reli,” Bi Tatu akasema. “Mkaguzi wa tiketi. Alikuwa anapita kwenye mabehewa anawatangazia watu vituo.” Akamwinamia mumewe, akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza, “Pugu!”

Mzee Kondo akafumba macho. Midomo ikacheza. Kisha ikatoka, imepinda upande mmoja lakini inaeleweka: “Mpiji. Soga. Ruvu. Kwala.”

Tukangoja Magindu, kituo kinachofuata. Haikuja. Mzee akafumbua macho, akapiga godoro kwa mkono wake wa kushoto. “Kwala,” akasema tena. Akapiga tena. “Kwala! Kwala!”

“Alikuwa anashukia hapo,” Bi Tatu akasema, sasa analia waziwazi. “Zamu ikiisha anashuka Kwala, anachukua baiskeli yake kwa mkuu wa kituo, anakuja nyumbani.”

Nimefanya kazi na madaktari wengi na mashine nyingi. Sijawahi kuona kipimo kilichosema wazi kama kile. Yule mzee alijua alipo, na alijua anakotaka kwenda.

Ijumaa Shomari akaja na gari kama alivyoahidi. Sista Adelina akampokea mlangoni kwa heshima zote, akamwomba akae kwanza, kwa kuwa dokta ana maneno na mgonjwa. “Na mgonjwa?” Shomari akasema. “Labda na sisi.” Lakini akakaa. Tulikuwa watu watano pale: Mzee kitandani, mkewe, mdogo wake, dokta kwenye kiti chake, na mimi nikimshikia Mzee mto wa mgongoni.

“Mzee Kondo,” dokta akasema, “nitakuuliza maswali mafupi. Jibu likiwa ndiyo, nifinye mkono. Likiwa siyo, usifanye kitu. Wewe ni Kondo?”

Akafinya.

“Wewe ni mwanamke?”

Mzee hakufinya. Alimtazama dokta kwa jicho ambalo wasafiri wasio na tiketi bila shaka walilifahamu. Hata Shomari alicheka, akaziba mdomo.

“Huyu ni mdogo wako Shomari?” Akafinya. “Hapa tulipo ni shambani?” Hakufinya.

“Watu wanapozungumza hapa kitandani kwako, unaelewa?”

Akafinya, na safari hii hakuachia. Vidole vya dokta vikabadilika rangi.

Nilimwangalia Shomari. Niliona habari zile za kaburi, za baba yao na mkorosho, zikimrudia moja moja. Alisimama akasogea mpaka kwenye mto, akapiga magoti, na ile sauti yake kubwa haikuwepo tena.

“Kaka. Yote yale ulikuwa unanisikia?”

Mzee Kondo akauachia mkono wa dokta, akautafuta wa mdogo wake, akaufinya. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akainua mkono huo huo wa kushoto akamgonga Shomari utosini, polepole, kama mtu anavyomgonga mtoto aliyevunja sahani.

“Nilikuwa naogopa, kaka,” Shomari akasema. “Baba naye alianza hivi hivi. Sikutaka nikae tu nikitazama tena.”

Dokta akaacha wakae hivyo kwanza. Kisha akauliza, “Mzee, unataka kwenda nyumbani?” Akafinya kwa nguvu. “Ukienda leo, chakula kitaingia mapafuni. Ukikubali kubaki kidogo, tukufundishe kumeza, na Bi Tatu ajifunze kukulisha, utakwenda salama. Unakubali kubaki?”

Jibu lilichukua muda. Mzee alimwangalia mkewe, akaangalia dirisha, akavuta pumzi. Akafinya. Dokta akauliza mara ya pili kwa maneno mengine, kuhakikisha, na akapata jibu lile lile. Shomari akatoka nje kumwambia mwenye gari arudi zake.

Kuanzia siku hiyo tukawa na kazi ya kupendeza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfanyisha mguu, nasi tulishughulikia koo. Uji mzito kwanza, kwa kuwa maji hukimbia haraka kuliko koo gonjwa linavyoweza kuyadaka. Mgonjwa amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko kidogo, kutoka upande mzima. Ngoja ameze, tazama koo linapanda na kushuka, ndipo ulete kingine. Ukimaliza, kagua shavu lililopooza kwa kidole chenye glovu, maana chakula hujificha humo kama nauli ya dharura. Kisha abaki amekaa nusu saa, asilazwe. Bi Tatu alinisomea utaratibu huo kila siku kabla sijamruhusu kushika kijiko, na siku mpira wa puani ulipotolewa alipiga vigelegele mpaka wodi ya pili wakaja kuuliza nani amejifungua.

Shomari alikuja na futi yake akampima kaka yake urefu wa mapaja, mgongo na viwiko. Mzee alipotazama kipimo kile mimi nilipatwa na wasiwasi, kwa kuwa mafundi seremala hupima watu kwa sababu mbili. Lakini siku ya kuondoka alikuja na kiti: mgongo mrefu, mikono mipana, kimeinama nyuma kidogo tu, na ubao wa mbele wa kuwekea sahani. Alikitengeneza kwa mninga. Sista akakikalia kwanza yeye mwenyewe akajaribu kumeza chai, akasema kinafaa.

Nilikwenda Dutumi kumtembelea baada ya wiki kadhaa, kwa kazi ya kuwafuatilia wagonjwa majumbani. Ngozi yake ilikuwa safi kila mahali nilipopitisha kiganja. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, amepata neno jipya, “chai”, akalitumia kwa kila kitu, na kwa kuwa mara nyingi ndicho alichokuwa anakitaka kweli, halikumletea shida. Nilipokuwa naaga, Bi Tatu alikuwa jikoni nyuma ya nyumba. Mzee akavuta pumzi, uso ukakunjamana kwa juhudi, akaita, bila moja, bila mbili:

“Tatu!”

Akaja mbio na mwiko mkononi. Akanitazama, akaniuliza kwa macho kama nami nimesikia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alitembea kwa fimbo mpaka msikitini, akapata maneno ya kutosha kununua sukari na kumkosoa Shomari. Alipofariki, Bi Tatu alinipigia simu mwenyewe, akaniambia jambo ambalo wengine wangeliona dogo: “Nesi, amekwenda bila kidonda hata kimoja.” Nilikaa chini nikalia, nusu kwa huzuni na nusu kwa fahari.

Sista Adelina alistaafu akarudi kwao. Mimi nikahamishiwa Kisarawe, zahanati, na huko nilimaliza kazi yangu nikiwa karibu na mama yangu na mihogo yetu. Zahanati ni kazi nyingine, huna wodi ya kujificha. Mgonjwa anakujua mpaka jina la shangazi yako. Niliipenda. Nilikabidhi mashine ya presha na kipimajoto kwa binti mwerevu kuliko nilivyokuwa mimi, nikamwambia betri za kipimajoto hukaa droo ya pili, na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ya kuaga.

Mwezi uliopita nikaamua kwenda Dutumi, sina kazi, nimsalimie tu Bi Tatu. Nilipita Kwala. Pamebadilika sana, malori ya makontena na vumbi, viwanda vinajengwa, vijana wamevaa kofia ngumu. Nilipofika nyumbani kwake nikaambiwa hayupo, yupo nyumba ya tatu kwa Mwanaidi, mama mmoja wa makamo aliyepata kiharusi miezi michache nyuma. “Anashinda huko,” mjukuu akaniambia. “Na kabla ya huyo alikuwa kwa mwingine.”

Nikaenda. Nikapiga hodi, nikaingia. Mwanaidi alikuwa ameketishwa kwenye kile kiti cha mninga chenye mgongo mrefu, mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto. Binti yake alikuwa na bakuli la uji mzito. Bi Tatu, sasa mvi tupu na bado hakai chini, alikuwa amesimama nyuma ya binti yule.

“Ngoja,” alikuwa anamwambia. “Hajameza. Tazama koo.”

Nilisimama pale mlangoni nikatazama koo pamoja nao. Lilipanda, likashuka. Binti akaleta kijiko kingine kutoka upande mzima, bila kuambiwa.

Bi Tatu aliponiona alinikumbatia, akanitambulisha kwa binti kwamba huyu ndiye nesi ninayekusimulia. Nikafurahi, nikajiona mtu. Nikamgeukia Bi Tatu, kama mtu mwenye uzoefu anavyomgeukia mwenzake, nikamwuliza:

“Na huyu mgonjwa wetu, anaendeleaje?”

Bi Tatu akanitazama kwa mshangao kidogo, bila ukali wowote.

“Si huyu hapa? Muulize mwenyewe.”

Nikavuta kigoda. Nikakaa mpaka macho yangu yakawa sawa na ya Mwanaidi, nikamwamkia kwa jina lake, nikamwuliza hali. Midomo yake ikaanza kutafuta. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemjibia. Binti akashusha kijiko, Bi Tatu akakunja mikono. Tukangoja wote, na jibu likawa linakuja.